Tulivyousawazisha Uwanja wa Mama Mkwe

Siku ya nne baada ya kufika ukweni nilikimbizana na boga mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa amenituma nilitoe kihengeni nilipeleke jikoni. Nikalibeba mpaka mlango wa jiko, nikalitua chini ili nipate mikono miwili ya kuondoa gogo lililoegemezwa kwenye mlango, na kabla sijainuka boga lilikuwa limeshaondoka. Lilianza polepole, kama linafikiri, kisha likashika kasi, likapita kati ya mbuzi wawili, likaruka mzizi na kuteremka moja kwa moja hadi korongoni. Nami nyuma yake, nimeshika khanga kwa mkono mmoja isinidondoke, na akina mama watano wa jirani waliokuja kumwona bi harusi wakinitazama. Nilipolifikia lilikuwa limepasuka vipande vitatu. Nikapanda navyo nimevikumbatia, machozi yakinilenga kwa aibu. Mama mkwe alivipokea, akavigeuzageuza, akasema kwa Kinyiramba maneno ambayo sikuyaelewa, na wale akina mama wakacheka hadi wakashikana mabega. Jioni mume wangu alinieleza kuwa mama yake alisema boga limejikata lenyewe, tumepunguziwa kazi.

Ndivyo nilivyofahamiana na uwanja ule.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe ya vyumba vinne, juu ya mwinuko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kiomboi. Mbele ilitazama njia. Nyuma, ukifungua mlango tu, ardhi ilianza kushuka. Katika mteremko huo ndipo yalipokuwa maisha yetu yote ya mchana: jiko la nje, kinu, kihenge, zizi la mbuzi, na katikati jiwe kubwa lililochomoza kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Kinu kilikuwa kimefukiwa nusu ardhini ili kisianguke. Mafiga ya jikoni yalikuwa mawili mafupi na moja refu, ili chungu kisimame wima. Mama mkwe alikuwa ameishi pale miaka thelathini na kitu, na mwili wake ulikuwa umezoea. Akisimama kutwanga, mguu wa kushoto aliukunja kidogo na wa kulia aliunyoosha, bila kufikiri. Mimi nilimaliza mwezi wa kwanza nikiwa na maumivu ya nyonga kama mwanamke mzee.

Kwetu ni upande wa Mgori, mimi ni Mnyaturu. Mume wangu Mnyiramba alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka moja pale Kiomboi. Tulionana nilipofuatana na shangazi yangu kwenda hospitali, na gauni alilonishonea siku hizo lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Kwa kuwa Kinyiramba sikukijua, mimi na mama mkwe tulizungumza Kiswahili, ambacho hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Kila mmoja alikitumia kwa adabu, kama nguo ya kwendea kanisani. Alipokasirika alirudi kwenye Kinyiramba, na hapo nilikuwa na nafasi ya kutokuelewa, jambo ambalo mara nyingi lilituletea amani.

Lazima niseme pia habari za baba yangu, kwa sababu bila yeye nisingethubutu. Alikuwa mnyapara wa barabara. Serikali ya Mwingereza ilimpa genge la watu, sururu, makarai na maili kadhaa za kutunza, naye alizitunza kana kwamba ni barabara za kwenda nyumbani kwake. Mama alinituma kila mchana nimpelekee chakula, na nikifika nilikaa hadi jioni. Nikajifunza kwa macho jinsi ya kukata mlima na kujaza bonde, jinsi ya kupiga vigingi na kuvuta kamba, jinsi ya kuilaza chupa ya maji juu ya ubao na kutazama povu la hewa likitafuta katikati. Baba hakuwa msemaji sana. Lakini kuhusu maji alizungumza. Alisema maji hayabishani na mtu, ukiyapa njia yanafuata, ukiyanyima yanajikatia, na njia yatakayojikatia haitakuwa ile unayoipenda.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mtama ulikubali. Tuliukata, tukauleta nyumbani, tukautandaza uani juu ya mikeka na ngozi ili ukauke kabla ya kupura. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua tulishaiaga. Mchana ule mimi na mama mkwe tulikuwa shambani tukiokota masazo. Wingu moja likatoka upande wa mashariki, dogo tu, mama mkwe akalitazama na kusema linapita. Halikupita. Lilimwaga maji kwa muda ambao mtu angekula sahani moja ya ugali, kisha jua likarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulikimbia. Tulipozunguka nyumba tulikuta maji yameteremka kutoka njiani, yamepita pembeni mwa tembe na kushuka uani kwa nguvu. Mikeka ilikuwa imekunjamana kwenye jiwe kubwa. Mtama mwingi ulikuwa njiani kuelekea korongoni, mwekundu ndani ya maji mekundu.

Tuliokota hadi giza. Kiasi cha theluthi moja kilipotea. Hatukufa njaa, maana mwaka ulikuwa mzuri, ila nilimwona mama mkwe akiwa amepiga magoti kwenye matope, akichagua punje moja moja kutoka kwenye kokoto, na jambo hilo likakaa kifuani mwangu nikashindwa kulala vizuri.

Asubuhi nikamwambia mume wangu kwamba uwanja ule unaweza kusawazishwa. Alikuwa anakunywa uji. Akaniuliza ni nani atakayeusawazisha. Nikamwambia mimi. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Aliuliza nitahitaji nini. Nikamtajia: sururu, beleshi, makarai mawili, ubao mrefu ulionyooka, chupa nyeupe yenye kizibo, na uzi. Uzi alisema anao.

Mama mkwe alikataa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mume wake ndiye aliyejenga pale, pale palivyo ndivyo alivyopaacha, na bi harusi anayefika na kuanza kuchimba nyumba ya watu anatafuta nini chini yake? Kisha akaingia ndani. Nilitaka kuacha. Mume wangu akaniambia nisubiri, akaenda kuzungumza naye. Sijui walizungumza nini, maana ilikuwa Kinyiramba na mlango ulikuwa umefungwa, lakini alipotoka alisema mama amekubali kutotazama. Ndivyo alivyosema hasa: hajakubali, amekubali kutotazama.

Nilianza siku ileile, kwa sababu udongo ulikuwa bado na unyevu. Baba alinifundisha kwamba mwezi wa tano udongo ni rafiki, mwezi wa nane ni adui. Mume wangu alinikatia uzi mweupe wa cherehani, akausokota mara tatu usikatike. Nikapiga vigingi kutoka ukuta wa tembe hadi mahali nilipotaka uwanja uishie, hatua ishirini kwenda chini na thelathini kwa upana. Nikaweka ubao, nikailaza chupa juu yake, nikainua na kushusha mpaka povu likatulia. Pale uzi ulipokuwa sawa ndipo nilipoona mteremko wetu ulivyo. Kwenye ukuta wa nyumba uzi uligusa ardhi. Kwenye kigingi cha mwisho uzi ulikuwa juu ya kichwa changu.

Mume wangu aliangalia uzi, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kama nina hakika.

Sikuwa nayo. Ila nilijua hesabu ya baba: usijaze shimo lote, kata nusu, jaza nusu. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ningeichimba ishuke, nikiacha ukingo imara wa udongo chini ya ukuta, na udongo huo ningeubeba kuupeleka chini. Na chini kabisa ningejenga ukuta wa mawe wa kuuzuia. Tena uwanja usiwe sawa kabisa. Hilo watu wengi hawalijui. Ukiusawazisha kabisa maji yatakaa, na yakikaa yataanza kufikiria mlango wako. Kila hatua kumi ardhi ishuke upana wa vidole vinne, jicho lisione lakini maji yajue.

Majirani hawakuchelewa kuniona. Miaka ile watu wa pale walikuwa wamechoshwa na amri za matuta. Bwana Shamba alipita na kofia yake, akiamuru kila mtu achimbe matuta ya kukinga maji kwenye mashamba, na asiyechimba alipelekwa barazani kushtakiwa. Watu waliyachimba kwa uchungu. Sasa wakaona mwanamke anayechimba mwenyewe, bila kuamriwa, na kwa uzi. Kabla juma halijaisha jina lilikuwa limeshanipata. Nikienda kisimani walinisalimu, "Habari za matuta, Bwana Shamba?" Mtu akipotelewa na mbuzi aliambiwa amuulize Bwana Shamba. Nilicheka nao. Nilijua kuwa ukikasirikia jina ndipo linapokushika.

Mume wangu alinisaidia asubuhi kabla ya kwenda kushona na jioni akirudi. Mikono yake ilikuwa ya sindano, laini, ikatoka malengelenge siku ya kwanza. Wateja wake walimuuliza ameumwa na nini. Akawaambia ameumwa na mke. Kwa kipindi kile, nadhani, tulicheka pamoja kuliko wakati mwingine wowote wa ndoa yetu, wawili tumesimama shimoni hadi magotini, yeye akipima mahali nilipochimba kwa futi yake ya kushonea na kuniambia hapa pamezidi, pale patiwe pindo.

Tatizo lilikuwa jiwe. Nilipochimba kulizunguka nililitegemea liwe na mwisho, kumbe lilizidi kupanuka. Niliyaona mabega yake, kisha kifua. Hatukuweza kulisogeza hata kwa mtaimbo. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee Mwislamu aliyefanya kazi ujanani kwenye machimbo ya dhahabu kule bondeni, na kifua chake kilikuwa na kikohozi cha vumbi la wakati ule. Alikuja siku moja kuomba moto, akasimama akilitazama jiwe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye jiwe. Akalizunguka. Akaligonga kwa fimbo mahali kadhaa, akisikiliza, kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akauliza tuna kuni kiasi gani.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alifika na wake zake wawili, kila mmoja na mzigo wa kuni. Tukaziwasha juu ya jiwe, na zikawaka hadi jua lilipokuwa utosini. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, akituamuru tuongeze hapa, tupunguze pale. Sisi wanawake tulikuwa tumepanga vyungu na madebe ya maji ya baridi, tuliyoteka kisimani mapema. Alipoona wakati umefika aliinuka, akatuambia tusogeze makaa, tumwage wote kwa pamoja, kisha turudi nyuma bila kugeuka.

Tukamwaga. Mvuke ukapanda ukatufunika, na ndani ya mvuke tukasikia jiwe likisema. Sina neno jingine. Lilitoa mlio mmoja mkavu, mkubwa, uliorudi kutoka upande wa pili wa korongo. Ulipotulia tuliona ufa umepita kutoka kichwani hadi chini, unaoweza kupitisha kiganja. Mzee yule alitabasamu kama kijana. Alirudia mara nne siku hiyo na ya pili yake, na mwishoni tulikuwa na mawe yaliyokatika vizuri, yenye nyuso bapa, ambayo nisingeweza kuyanunua popote. Jiwe lililonizuia likawa ukuta wangu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na furaha, na furaha iliniharakisha. Nilipanga mawe ya ukuta wa chini wima kabisa, kwa sababu yalipendeza yakiwa wima, ingawa nilishamwona baba mara mia akiyalaza kidogo kuelekea mlimani. Kisha nikajaza udongo nyuma yake kwa pupa, karai juu ya karai, bila kuushindilia. Kwa wiki tatu nilijaza. Uwanja ukaanza kuonekana uwanja, hata wale walioniita Bwana Shamba walipita kutazama na kuondoka wakinyamaza.

Mchana mmoja tukiwa tunakula, mimi na mama mkwe ndani ya jiko, tulisikia kishindo kisicho kikubwa, kama mtu anayetua gunia. Nikatoka. Ukuta ulikuwa umetapika. Sehemu ya katikati, upana wa vyumba viwili, mawe yalikuwa yamelala chini kwenye majani, na udongo wote nyuma yake umemwagika ukiyafuata.

Nikakaa chini palepale. Sikulia. Nilitazama viganja vyangu, vilikuwa vigumu kama kwato, na nikaanza kufikiri jinsi nitakavyomwambia mume wangu, na jinsi watakavyosema kisimani. Nyuma yangu nilisikia mama mkwe akitoka. Alikuwa ametimiza ahadi yake ya kutotazama kwa miezi miwili. Alipita uani kama mtu anayepita msibani, macho mbele. Sasa alisimama akatazama kwa muda mrefu. Halafu akarudi ndani. Nikajua amekwenda kucheka au kushukuru.

Alitoka amejifunga khanga kiunoni, kitambaa kichwani amekikaza. Akanipita, akashuka hadi kwenye mawe, akainama, akaokota moja kwa mikono miwili na kulisogeza pembeni. Kisha la pili. Niliinuka nikamfuata, nikamwambia mama acha, utaumia. Hakuacha. Tulifanya kazi pamoja, tukiyatenga mawe, mpaka alipochoka na kukaa juu ya moja.

"Baba mkwe wako alipenda kutazama bonde," akaniambia. "Ndiyo sababu alijenga hapa. Nilimwambia, bonde nimeliona, sasa nitapikia wapi? Akasema usijali, mwakani nitausawazisha. Kila mwaka alisema mwakani. Mwaka aliokufa pia alisema."



"Nikawa namngoja yeye," akasema. "Mtu aliyekufa. Unaona ujinga huo?"

Nikamwambia sio ujinga. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akatazama mawe, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni kitu gani nilikosea. Nikamweleza habari ya kulaza ukuta na kushindilia udongo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema basi tuanze, maana mwezi wa nane umekaribia na udongo unakauka.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mwenzangu, na nikapata kumjua aliyekuwa amefichwa na ile adabu ya Kiswahili chetu. Alikuwa mcheshi. Alikuwa na nguvu. Alikuwa na hadithi kuhusu kila mtu aliyewahi kupita ile njia ya mbele ya nyumba. Alinifundisha Kinyiramba jiwe kwa jiwe: tukibeba moja alinipa neno moja, na nikilisahau tuliporudi alinibebesha kubwa zaidi. Ukuta wa pili tuliujenga kwa mwezi mmoja, umeegemea mlimani kama mzee anayepumzika, na nyuma yake tulijaza udongo tabaka kwa tabaka.

Kushindilia ndiko kulikotushinda. Tulikuwa na gogo zito la kupigia, na uwanja ulikuwa mkubwa. Kwa desturi mtu mwenye kazi kama hiyo alipika pombe ya mtama, akaita watu, wakafanya kazi siku moja, wakanywa, ikaisha. Lakini mama mkwe alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na pombe haikuingia mlangoni kwake. Tulitangaza kwamba tutapika togwa. Wakaja watu wanne, wakanywa togwa, wakashukuru.

Ni mama mkwe aliyepata njia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na kila Jumamosi walikutana kanisani kujifunza nyimbo. Akawaambia Jumamosi ile watakutana uani kwetu. Wakafika wanawake kama ishirini na watano, na wengi walidhani ni kwa sababu ya kivuli. Akawapanga mistari mitatu juu ya udongo mpya, bega kwa bega, akawaambia wimbo utaimbwa kwa miguu. Kila neno hatua, kila hatua kishindo, na mstari wote usogee mbele kwa unyayo mmoja.

Mwanzoni waliona haya. Kisha sauti ya pili ikaikamata miguu ya sauti ya kwanza, na ardhi ikaanza kuitikia. Mimi nilikimbia mbele yao na debe, nikinyunyiza maji ili vumbi lilale na udongo ushikane. Walifika ukutani, wakageuka, wakarudi. Vumbi lililobaki liliwafunika hadi magotini. Wapita njia wakasimama. Mwinjilisti wetu, mtu mrefu mwenye miwani, alisikia kutoka mbali nyimbo anazozijua zikiimbwa kwa namna asiyoijua, akaja na baiskeli yake kuona kumeingia nini. Alisimama pembeni ameshika usukani. Tukaogopa kidogo. Akasikiliza wimbo mzima, kisha akamwita mama mkwe, akamwambia kwamba wimbo ule ni wa taratibu mno, hautashindilia kitu. Akapendekeza mwingine wa haraka, wa Pasaka. Akaegemeza baiskeli, akavua viatu, akauanzisha mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata wake wa mzee jirani walikuja na vikapu vya udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaoganda kama saruji, na wanawake wenzao wa msikitini. Hawakuimba nyimbo za kanisa. Waliimba zao za harusi, na mstari wao ulikuwa na madaha zaidi kuliko wetu, mabega yakicheza. Kwaya wakaona hawawezi kushindwa. Ikawa mashindano, mstari huu unakwenda, ule unarudi, na mimi na debe langu katikati, nimelowa, nacheka hadi mbavu zinauma. Mume wangu aliporudi kutoka Kiomboi alikuta watu wamejaa nyuma ya nyumba yake, akasimama mlangoni na furushi la vitambaa kichwani, akasahau kulitua.

Tulimaliza kwa tabaka la udongo wa kichuguu na kupaka mavi ya ng'ombe, tukachimba mfereji pembeni mwa tembe kuyapokea maji ya njiani na kuyazungushia mbali. Mwezi wa kumi na mbili mvua ya kwanza ilikuja mchana, kubwa, ya radi. Hatukukaa ndani. Mimi na mama mkwe tulisimama mlango wa nyuma tukitazama. Maji ya njiani yalifika pembeni mwa nyumba, yakaona mfereji, yakaufuata. Ya uani yalikusanyika kuwa karatasi nyembamba inayong'aa, ikasogea taratibu, bila haraka, kuelekea ukutani, ikapita kwenye matundu tuliyoyaacha kati ya mawe. Mama mkwe alinishika mkono. Tulikaa hivyo hadi mvua ikaisha.

Ndipo akasema aitwe baba yangu. Kwa desturi zetu mzazi wa binti hafiki hovyo anakoolewa binti yake. Hungoja kuitwa, na baba alikuwa hajawahi kufika. Alikuja na fimbo na koti lake la kazini, amelipiga pasi. Alipokelewa, akasalimiwa, akapewa kigoda mbele ya nyumba, akauliza hali za watu wote, za mifugo, za mvua. Habari ya uwanja hakuitaja, wala sisi. Alipokwisha kunywa uji aliomba kuona tulikopanda mtama, na ili kuona ilibidi apite nyuma.

Akatoka mlango wa nyuma, akasimama. Aliangalia kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa mawe, akafumba jicho moja. Akatembea hadi mwisho, akainama, akagusa mawe mahali yalipolala kuelekea mlimani. Akarudi. Akaniomba debe la maji, nami nikampa. Akaenda mlango wa jiko, akayamwaga yote kwa mara moja, akasimama akiyatazama. Maji yalisita. Kisha yakaanza safari yao, polepole, yote pamoja, kwenda chini.

Baba alirudisha debe. Akamgeukia mama mkwe, si mimi.

"Mnyapara wa kazi hii alikuwa nani?"

"Mimi," akasema mama mkwe bila kupepesa. "Huyu alikuwa kibarua wangu."

Baba alicheka. Wengi hawakuwahi kumsikia baba yangu akicheka, hata mama alikuwa anahesabu mara hizo. Alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaniangalia, akatikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akiwatikisia watu wa genge lake kazi ikipita. Nilienda jikoni kusonga ugali nikijifanya moshi umeniingia machoni. Siku ile alikula nyumbani kwetu, kuku mzima, na akalala, na asubuhi alikuwa bado anaongea na mama mkwe juu ya barabara.

Miaka iliyofuata uwanja ule ulifanya kazi zake. Tulipura mtama juu yake bila kupoteza punje, si wetu tu, hata wa majirani. Wanangu walijifunzia kutembea pale, na harusi mbili za upande wa mzee Mwislamu zilichezewa pale. Walioniita Bwana Shamba waliendelea kuniita hivyo, ila sasa walikuja na vigingi mkononi wakiniomba nikawapimie.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni mama mkwe wakati wa jioni, kazi zikiwa zimekwisha. Alitoka, akafunga mikono nyuma, akatembea. Kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akageuka. Miguu yote miwili imenyooka sawasawa. Siku za kwanza nilidhani amepoteza kitu, nikatoka kumsaidia kutafuta.

"Sijapoteza kitu," akaniambia. "Natembea tu."

Nikajiunga naye. Tukazunguka pamoja hadi mbuzi wakarudi zizini.